Kilimia Hakikumkana Zephaniah

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba Zephaniah, na jirani yetu Owino bado anawasimulia watu kwenye bomba la maji la nyumba za reli kwamba Kilimia kilikukana. Anasema ulitangaza siku ambayo kundi lile la nyota lingerudi, siku ikafika, lisionekane, na moyo wako ukavunjika. Humalizia hivi: "Mzee alihesabu nyota, mwisho nyota zikamhesabu yeye."

Watu hucheka. Mimi, binti yako Wakesho, huinua debe langu nikaenda zangu bila neno, ilhali ni mimi niliyempa hadithi hiyo.

Ulikuwa mtu wa kungoja. Miaka kumi na tisa ulizishika bendera na taa za treni hapa Voi, na hatukukusikia ukimfokea mtu. Ukitoka likizo kijijini kwenu Mghange ulirudi na ndizi za kugawa, na wa kwanza kupata alikuwa Owino huyo huyo.

Kila Mei, Kilimia kikizama na jua, ulianza kupanga siku ya kukipokea. Kwenye kalenda ulitia alama siku zisizo na mwezi, kwani ulisema mwezi ni mgeni wa makelele. Akiondoka ndipo utawasikia wenyeji. Ulitufundisha kukaa gizani mpaka chai ipoe, macho yazoee, ndipo tuishike ile darubini yako yenye jicho moja lililopasuka. Na tusikikodolee. "Kitazameni kwa pembeni," ulisema. "Kina haya."

Mwaka jana kifua kilikulaza. Ukanipa karatasi uliyoandika nyuma ya fomu ya stesheni: Juni 28, saa 4.30, mashariki, kushoto kwa tangi la maji.

"Nenda wewe, Wakesho," ukasema. "Unihesabie, uniambie ni ngapi."

Nyumbani kwetu saa nne ni saa nne. Nilitoka saa nne na nusu usiku, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi, na kushoto kwa tangi hapakuwa na kitu. Asubuhi ulipouliza, Owino akiwa ameketi hapo na uji aliokuletea, nilijibu kama mjuzi, mimi wa darasa la saba: "Hakuna kitu, Baba. Labda hesabu yako ilikosea."

Ukasema, "Basi nimezeeka," ukaniambia niirudishe darubini sandukuni. Siku ya nne ukatutoka.

Matanga yalipokwisha, kaka Elijah, ambaye ni karani wa tikiti, aliiokota ile karatasi. Akasema, hii ni saa ya stesheni, inayohesabiwa tangu saa sita usiku, maana yake saa kumi na nusu alfajiri. Akaniuliza nilitoka saa ngapi. Nikamwambia sikumbuki.

Nilikumbuka, Baba. Nimekumbuka mwaka mzima.

Juni hii, siku za giza zilipofika, nilimwamsha Mama tukatoka kwa saa ya stesheni. Kilikuwepo, kushoto kwa tangi, pale pale ulipoandika. Mama alilia, nami nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu aliyechekwa hadharani husafishwa hadharani, kwa hiyo nitafute kalamu niandike tangazo hili la kumbukumbu.

Ndugu Owino, na nyote mliocheka, hesabu ya Baba ilikuwa sawa. Aliyekosea saa ni mimi, na aliyekaa kimya baada ya kujua ni mimi.

Unakumbukwa na mkeo Tryphena. Wanao Elijah, Wakesho na Dinah. Mdogo wako Alexander wa Mghange. Wajukuu, na wenzako wa reli. Kila Juni, saa kumi na nusu alfajiri, tutakukumbuka daima.

Uliuliza ni ngapi. Nilihesabu sita, Baba, na ya saba nikaipata kwa pembeni. Naomba unisamehe.