Maji ya Lulu

Jumatatu, 8 Septemba

Stima imepotea saa tatu asubuhi. Gurudumu la kukatia mawe limesimama, jiwe la watu liko nusu. Nimekaa kutunga shanga mpaka macho yakauma. Upepo wa Septemba na vumbi la Voi: nafuta meza, nikigeuka ninaweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Nimebaki na mitungi mitatu ya maji. Gurudumu linakunywa kuliko mimi.

Nyambu, broka wa mawe, amepita mbele ya kibanda changu mara mbili. Mara ya pili akainua mkono, akasema: Mama Chupa, habari ya kazi? Mkono ule ule wenye pete. Nikasema nzuri. Nzuri! Ulimi wangu nao ni mnafiki.

Wacha niandike tena, ili siku nikilegea nisome. Lile jiwe la kijani lilikuwa la mwisho kutolewa ardhini na marehemu mume wangu, kabla kifua hakijamlaza. Nikalipeleka barazani kwa mabroka. Nyambu akalimulika kwa tochi, akalirudisha mezani, akasema chupa, yaani kioo tu. Kwa sauti, wote wasikie. Huku kwetu broka mkubwa akishaita jiwe chupa, limekufa. Hakuna wa pili atakayeligusa. Nililitembeza wiki tatu kama mwendawazimu. Mwishowe nikamwachia mtu mmoja wa Mwatate kwa bei ya kutia aibu. Kumbe mtu huyo alitumwa na Nyambu. Baada ya miezi minne jiwe la mume wangu lilikuwa kidoleni kwake, limekatwa, limezungushiwa dhahabu, linawaka moto. Mimi nikabaki na jina. Huu ni mwaka wa pili. Kuna watoto wanaoniita Mama Chupa wakidhani ndilo nililobatizwa.

Jana mchungaji alihubiri kuhusu kusamehe saba mara sabini. Nilihesabu mbao za dari.


Jumanne, 9 Septemba

Stima imerudi. Nimemaliza jiwe. Mwenyewe amelipeleka kwa Nyambu likathibitishwe ndipo anilipe. Nimelikata kwa mikono yangu, halafu aseme Nyambu kama ni jiwe!

Sikula jioni. Hasira inashibisha.


Jumatano, 10 Septemba

Leo. Leo nataka niandike yote bila kuruka.

Nilikwenda barazani kunywa chai kwa Mama Mercy, anayewauzia mabroka. Wanaume kama kumi. Nyambu katikati, amefungua kitambaa cheusi mapajani. Nikaona.

Lulu. Lulu za bahari, za zamani, kidani kizima. Huku sisi ni watu wa mawe: mekundu, ya kijani, ya zambarau, hayo hata mtoto anayajua. Lulu haichimbwi Taita. Wote walikuwa wanazitazama kama kuku anavyotazama kioo. Mmoja alikuwa anaimulika moja kwa tochi kutafuta ufa ndani. Mwingine ametoa tupa, anataka kuikwaruza kuona ugumu wake. Tupa! Kwenye lulu!

Nyambu akasema ni mali yake, amezipata kwa mtu wa pwani, Ijumaa anakuja mnunuzi kutoka Nairobi. Lakini zimefifia, zimekuwa njano njano. Akaniona, akasema: Haya, Mama Chupa, wewe ulikaa Mombasa, njoo utuambie kama hizi nazo ni chupa. Wakacheka. Mama Mercy tu hakucheka.

Nikazishika. Miaka tisa nilitunga lulu kwa sonara Mombasa. Nikasugua moja kwenye jino la mbele. Ikakwaruza, kama mchanga mwembamba. Ya bandia huteleza. Nikaipeleka kivulini, kwa sababu lulu haitazamwi kwenye jua kali, nikaigeuza polepole. Ikaja. Ile rangi isiyokaa mahali pamoja. Nyekundu ya waridi kidogo, ukigeuza ni kijani, ukigeuza tena imezama, iko chini ya rangi ya malai. Haiko juu ya ngozi kama kwenye kioo. Inatoka ndani, tabaka chini ya tabaka. Sonara wangu alikuwa na neno lake. Alisema lulu hii ina maji. Lulu bila maji ni kokoto. Almasi inameta, kioo kinang'aa, lulu ina maji. Sikuwa nimelisema neno hilo miaka kumi na tatu.

Nikalisema. Nikasema hizi ni za kweli, zina maji mazuri sana. Njano ile ni jasho na marashi ya mwanamke aliyezivaa. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, basi.

Nyambu akasema: Maji? Sisi hapa tunauza moto. Maji kachote bomba la kanisani. Baraza lote likaangua kicheko. Kwao jiwe zuri ni lenye moto. Hawana neno lingine.

Halafu akasema ataziogesha kama mawe mengine, usiku mmoja tu ndani ya asidi, kutu na uchafu vyote vitoke, zitakuwa nyeupe pe.

Hapo ndipo. Nilimtazama uso. Nilijua kitu kimoja kama ninavyojua jina la mama yangu: mtu huyu hawezi kunitii mbele ya wanaume wale. Hata nikimwambia nyumba yake inaungua ataketi kwanza. Mwaka jana nilimwambia jiwe fulani lina ufa, asilitie motoni kulibadili rangi. Alilitia siku hiyo hiyo ili kunionyesha. Likapasuka, akamlaumu aliyewasha makaa.

Kwa hiyo nikasimama, nikasema wazi, kila mtu asikie: Nyambu, usitie lulu kwenye asidi. Lulu si jiwe. Ni ganda la mnyama. Asidi itazila.

Nilisema ukweli mtupu. Nikausema kwa sauti ya kumfundisha, na kidole juu, kama mwalimu wa chekechea. Kile kidole nilikiinua kwa makusudi.

Masikio yake yakawa mekundu. Akafunga kitambaa. Akasema amefanya kazi hii tangu mimi nikiuza maandazi. Sijawahi kuuza maandazi maishani mwangu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimerudi nyumbani naimba.


Alhamisi, 11 Septemba

Mungu wangu.

Nimekutana na Bi Zuhura sokoni, kwenye nyanya. Yule mama anayekaa nyuma ya msikiti, mjane. Kanga mbili, safi kila siku, hata maji yakikosekana. Nikamwamkia shikamoo, akanitambua kwa sauti. Macho yake yote mawili yana ukungu sasa. Muuza nyanya ndiye aliyemchagulia.

Alikuwa na haraka na furaha pamoja. Akanishika kiwiko. Akaniambia jicho la kulia litapasuliwa mwisho wa mwezi, daktari wa macho akija. Nikamuuliza amepata wapi uwezo. Akasema, mwanangu, nimetoa kidani changu cha mahari. Marehemu mume wangu aliniletea lulu kutoka kwao Lamu siku ya harusi. Nimempa Nyambu anitafutie mnunuzi, kesho anakuja mtu wa Nairobi. Nilizivaa miaka arobaini, sasa zinipe jicho nimwone mjukuu wangu anavyofanana.

Mali yake, ati. Mtu wa pwani, ati. Mwongo mkubwa!

Nilikuwa nimefungua mdomo. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Bi Zuhura, nenda kwake sasa hivi, zichukue, usiziache zilale kwake. Maneno machache tu. Yeye ni mwenyewe, Nyambu asingeweza kumnyima. Mpaka kwa Nyambu ni dakika kumi kwa boda.

Halafu nikaiona pete. Sikuiona kwa macho, Nyambu hakuwepo. Niliiona tu. Nikaona Ijumaa imefika, mnunuzi amefurahi, Nyambu amekula asilimia yake, amekaa barazani, ananiita Mama Chupa mpaka nife.

Nikasema: Inshallah, Bi, mambo yatakuwa mazuri. Akasema inshallah. Akaenda na nyanya zake.

Saa hii ni saa moja jioni. Bado kuna nafasi. Labda hajazitia. Labda amenisikia, nani ajuaye. Nikienda kwa Bi Zuhura sasa atashtuka bure.

Hayo yote ni uongo na ninajua. Sitaki tu kumwokoa Nyambu. Nimeandika, basi.

Kesho asubuhi na mapema nitakwenda.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamka saa kumi na moja. Stima ilikuwepo, na mtu alikuwa anangoja mawe yake manne. Nikasema nimalize moja kwanza. Nikamaliza mawili.

Saa nne Mama Mercy alikuja mbio, aproni bado kiunoni. Alishindwa kuanza, alikuwa anacheka na kushika kichwa. Mnunuzi alifika na gari lake. Nyambu akafungua kitambaa kwa mbwembwe zote. Ndani kulikuwa na vitu vyeupe, butu, vimeliwaliwa, kama vidonge vilivyolowa. Lulu nyingine zilikuwa zimepasuka kwenye tundu la uzi. Uzi wenyewe ulikatika zilipoguswa. Mnunuzi alimuuliza Nyambu kama anafahamu alichofanya. Nyambu akasema alizisafisha. Mnunuzi alicheka mpaka akaegemea gari. Akawauliza wale wengine: hapa hakuna hata mmoja anayejua lulu? Na wote, Mama Mercy anasema wote, wakasema yuko mama mmoja pale karibu na stendi, alimkataza juzi mbele yetu.

Mnunuzi aliondoka bila kununua hata kokoto kwa Nyambu.

Sasa wanamwita Bwana Asidi. Imechukua nusu saa tu jina kushika. Asiyesikia la mkuu, wanamwimbia, huvunjika guu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi la mawe. Nilicheka kwa ajili ya mume wangu, kwa wiki tatu nilizotembeza jiwe, kwa kila mtoto aliyeniita jina lile. Mungu anisamehe, au asinisamehe, ilikuwa tamu.

Mama Mercy alipoondoka nilikumbuka kwamba nilikuwa na safari ya asubuhi.


Jumamosi, 13 Septemba

Watu saba wamekuja kuniuliza mawe yao. Saba! Wawili ni wa barazani, wale wale waliocheka. Wameniita Mama Wakio, jina la binti yangu, jina langu la haki. Mmoja aliniletea jiwe jekundu kutoka Kasigau, akasema hataki neno la mtu mwingine. Nikalitazama muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Nyambu hajaonekana. Wanasema amekwenda kwao Wundanyi kupumzika. Apumzike.

Sijasikia chochote kuhusu Bi Zuhura. Sijauliza.


Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilisema ni tumbo.


Jumanne, 16 Septemba

Bi Zuhura amekuja. Jirani yake alimleta mpaka mlangoni, akamwacha. Nilimpa kiti changu, nikakaa juu ya mtungi.

Alitoa leso iliyofungwa fundo. Akaniomba nifungue mimi. Akasema vidole vyake vinahisi chaki, lakini macho yanaona ukungu tu, na watu wanamchanganya. Mmoja anasema zimekwisha. Mwingine anasema zikipakwa mafuta ya nazi zitapona. Nyambu alimrudishia kwa mkono wa mtu, bila salamu. Akasema: mwanangu, mji mzima unasema wewe husemi uongo. Niangalizie. Zina mng'ao?

Nilizipeleka kivulini, moja moja. Nilizigeuza. Nilizigeuza zote, hata vile vipande, nikitafuta hata uzi mmoja wa rangi. Huwezi kukosea lulu iliyokufa. Mwanga unafika juu na kuishia hapo.

Nikasema hazina mng'ao, Bi. Hazitakuwa nao tena.

Akaanza kuzirudisha kwenye leso, akizihesabu kwa kidole kama tasbihi, bila haraka. Akasema jicho litangoja. Kuona si lazima, akasema, sauti ya mjukuu anaijua.

Nilitaka kumwambia. Nilianza. Nikasema Bi Zuhura, siku ile sokoni.

Akanikatiza, akanipapasa goti. Akasema, najua, mwanangu, siku ile nilikuwa na haraka zangu, sikukupa nafasi ya kusema. Lakini nimeambiwa ulimkataza mbele ya wanaume wote. Katika Voi nzima ni wewe peke yako uliyejaribu kuniokoa.

Nilimshika mkono, nikamvusha barabara, nikamfikisha nyuma ya msikiti, mpaka mlangoni kwake. Alinigeukia, uso umeelekea kidogo pembeni ya pale nilipokuwa nimesimama.

Akasema, Mungu akulipe kwa ulichonitendea.

Nikajibu amina.