Klachi mpya, gari halipandi

Jumamosi. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Leo sina raha hata kidogo. Pikapu ya Baba imesimama uani na jiwe nyuma ya gurudumu, na sisi sote tunaipita kimya kimya, kama watu wa nyumba yenye mgonjwa.

Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana naweza kukuambia. Mbele za watu huwa sisemi. Darasani nikiulizwa hata jambo ninalolijua vizuri, nainamia daftari. Hapa kwenye duka la intaneti hakuna anayenitazama.

Baba husomba kamba wabichi kutoka dikoni, zinakoshusha mashua za delta, mpaka hapa Kibiti kwa tajiri anayewapeleka Dar kwenye barafu. Tajiri amesema gari lisipofika dikoni Jumatatu, kazi anampa mtu mwingine. Bila kazi hiyo Baba atarudi kwao Salale kukata mikoko, na mgongo wake hauwezi tena.

Klachi ya zamani ilikwisha. Baba akaagiza mpya Dar, ikaja na basi, ikakaa ndani kwenye boksi muda mrefu kwa sababu Fundi Kasimu alikuwa msibani. Wiki hii ndipo akaifunga. Safari ya kwanza tu, kwenye kile kilima cha kutokea dikoni, injini ikanguruma na gari likabaki palepale na mzigo wake. Vijana wakapiga kelele, "Mzee Mbonde, shuka ulisaidie!"

Kwa nilivyoelewa kwenye kitabu cha fizikia, klachi ni msuguano tu. Bamba moja linalibana jingine, na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu. Msuguano ukikosekana, kila upande unazunguka kivyake.

Asubuhi Fundi alikuja katika mvua hiyo hiyo. Kwanza alibonyeza pedali ya klachi kwa mkono. Ilicheza kidogo kabla ya kushika, kwa hiyo kebo haikuwa imebana. Akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya nne, akakanyaga mafuta kidogo, akaachia klachi. Kama klachi inashika, hapo injini ilitakiwa izime.

Haikuzima.

"Inateleza, Mzee," alisema. "Injini inapiga mbio kama mtu anayekimbia ndotoni."

"Si umeifunga wewe?"

"Nimeifunga mimi, ndiyo. Vyuma vilikuja na mafuta, nikavifuta. Nilijua ni ya kiwandani."

Akalala matopeni, akaingiza kidole kwenye tundu la chini ya gia boksi. Kikatoka na mafuta. Oili ya injini yetu ni nyeusi tii, lakini yale yalikuwa maangavu. Fundi alikitazama kile kidole, akakitazama tena. "Niishushe gia boksi, tuone?"

Baba akamjia juu. Hashushi kitu. Ameharibu gari la watu, achukue vyuma vyake aondoke. Majirani walikuwa wamesimama chini ya baraza wanasikiliza. Fundi akakusanya spana zake, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimeshanusa moshi uliotoka chini ya gari Fundi alipoachia klachi. Ulinuka kuungua, lakini ndani yake kulikuwa na harufu nyingine, ya kikaango cha maandazi.

Mafuta ya nazi.

Bibi, mama yake Baba, yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Ametoka Salale, ambako hewa ya chumvi inakula chuma. Kwao chuma kipya hakilali ndani ya nyumba bila kupakwa mafuta ya nazi, liwe panga, jembe au bawaba ya mlango. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kama alifungua lile boksi la Baba.

"Nililifungua, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo anavyoniita kwa utani. "Vyuma vizuri vile, babako kaviacha vikavu kama yatima! Nikavipaka vyote. Lile duara lenye kitambaa kigumu ndilo lililokunywa sana, nikalirudia."

Alisubiri nimsifu. Nikamsifu.

Baba alikuwa amekaa ndani ya gari, amefunga vioo. Niliingia upande wa pili na, mimi nisiyesema, nikasema yote. Kwamba bamba lililokunywa mafuta halifutiki tena, lakini likibadilishwa hilo tu, gari litapanda. Kwamba Fundi hana kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, mwanangu. Harufu hiyo nimekua nayo."

Nikamwambia basi tulivute mpaka gereji, lifunguliwe huko, Bibi asione.

"Likifunguliwa leo, kesho stendi nzima wanacheka, keshokutwa wanacheka Salale. Unamjua bibi yako. Akisikia ameniharibia gari, hatakula kwetu tena." Akafuta kioo kwa kiganja. "Jumatatu kuna mtu wa Ikwiriri anakuja kulinunua hivyo hivyo lilivyo."

"Na Fundi Kasimu?"

Alifungua mlango, akashuka mvuani.

Siku zote niliamini kwamba ukijua chanzo cha ubovu, nusu ya kazi imekwisha. Leo nimekijua chote na hakuna kilichobadilika. Siwezi hata kumkasirikia mtu. Bibi ndiye anayekasirika. Tangu adhuhuri anamlaani Fundi, eti kaharibu klachi aliyoitunza kwa mikono yake mwenyewe, na Baba anaitikia, "Ndiyo, Mama."

Jumatatu nikienda shule nitapita mbele ya gereji yake Fundi. Nitamwamkia Fundi Kasimu, naye ataitikia marahaba kama siku zote, aniulize na habari za masomo.

Sijui nitatazama wapi.