Sauti Yangu na Mafuta ya Sambaza

Dada Neema,

Mko salama wewe na bibi? Gisenyi kuna baridi asubuhi, ila ziwa ni zuri mno.

Mwalimu wetu wa uandishi wa habari anataka kila mmoja alete habari moja kwa maandishi, picha na sauti. Mimi nilijiona mtu wa kalamu tu; nikiambiwa niongee, jasho linanitoka. Jana nilikwenda kwa mama anayekaanga sambaza, dagaa wa hapa Ziwa Kivu. Nikatoa kamera.

“Picha hapana, mutoto. Mi sijasuka nywele. Uliza tu.”

Nikawasha simu irekodi, nikauliza kwa kunong'ona.

“Sema na nguvu. Mafuta inakushinda kelele.”

Nikapaza sauti. Akacheka, akanisimulia maisha yake huku akinijazia sambaza mkononi.

Leo tulipoisikiliza rekodi darasani, mafuta yalivuma nyuma ya maneno yake mpaka wote tukaona njaa. Hakuna aliyeicheka sauti yangu. Kalamu bado naipenda zaidi, ila sasa naona mwandishi afundishwe vyote. Bibi hajui kusoma, na habari zangu zote amezisikia kwa mdomo wako.

Msomee na kadi hii. Nikirudi na rekodi, atanisikia mwenyewe.

Nawakumbatia,
Zawadi