Saa Mbili ya Marehemu

Kilifi, Jumanne, 1987

Hata sasa sijui nicheke au niogope.

Tangu tumzike Bwana Athmani, aliyenifunza kompyuta, printa ya ofisi imekuwa ikichapa yenyewe usiku. Karisa, mlinzi wetu, huisikia ikikwaruza ndani na mlango umefungwa. Asubuhi tunakuta karatasi: "Assalaam aleikum. Nipo." Chini yake, hesabu ya magunia ya mbata, nazi kavu tunazouza. Karisa anaapa kuwa ni koma, roho ya marehemu. Kiti chake cha ulinzi amekihamishia getini.

Kitabu cha Kiingereza kilichokuja na kompyuta hakikunisaidia kitu. Leo nikakumbuka maneno ya Bwana Athmani: programu isome mstari kwa mstari, hata pale unapodhani unajua. Nikaisoma ile yake ya mwisho, ambayo hakuwahi kuiona ikifanya kazi, maskini.

Aliandika ianze saa 2. Mswahili yule alikusudia saa mbili asubuhi, tunapofungua ofisi. Lakini mashine huanza kuhesabu saa sita ya usiku, kwa hivyo 2 yake ni saa nane ya usiku!

Nikafuta 2, nikaandika 8. Nikamwita Karisa nimtoe hofu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi hukumfukuza, dada. Umembadilishia zamu tu."

Nikamcheka. Lakini ufunguo ninao mimi, na wenzangu huchelewa kila siku. Kesho saa mbili nitakuwa peke yangu mle ndani printa itakaponisalimu.

Na salamu, tangu utotoni nimefunzwa, ni wajibu kuiitikia.