Mti Nilioung'oa Macalder

Mke wangu mpendwa, Nyar Lambwe, binti wa Lambwe,

Mchimbaji dhahabu mmoja wa Macalder, aliyepita njia yetu ya zamani jana asubuhi, amesema ule mti haupo tena. Shimo nalo hakuliona. Nyasi zimefika kiunoni.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi binti yetu Adhiambo anapitisha wageni watano hapo. Anaendesha gari lako la kijani. Kivuko cha barabara ya kawaida kimesombwa na mvua, na kutoka Thimlich kwenda Migori imebaki njia hiyo tu.

Unaikumbuka siku yenyewe. Asubuhi tulikuwa Lambwe, mimi nikiandika habari za watalii wako, na kabla sijapanda garini ukaniambia, "Vua hilo koti la buluu, Bwana Mwandishi. Mbung'o hufuata rangi hiyo; watakuhoji kabla hujamhoji mtu." Thimlich uliwaonyesha wageni kuta zile za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ukawainamisha mmoja mmoja kwenye lango fupi. "Hapa hata mbunge huinama," ulisema, nao wakacheka.

Tulipokaribia Macalder tairi la nyuma likazama kwenye udongo mweusi. Ulikuwa chini ya gari na jeki. Nikaenda kutafuta kitu cha kutegemeza tairi, nikaona mti mkavu usio na matawi umesimama peke yake nyasini. Nikaung'oa.

Gari lilipotoka ndipo ulipoutazama vizuri.

"Huu umeutoa wapi?"

"Pale."

"Ulikuwa umelala au umesimama?"

"Umesimama."

Ulinisogelea ukasema kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, "Baba Adhiambo, huku mti mkavu hausimami wenyewe. Wachimbaji wakiacha shimo huweka mti kuonya wapitao. Urudishe ulipoutoa."

Nilirudi. Nyasi zilikuwa sawa kila upande. Nilipapasa kwa mguu, nikaogopa, nikausimika mahali palipofanana. Ukaniuliza, "Una hakika?"

Nikasema ndiyo.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kupeleka habari chumbani kwa mhariri kwa ushahidi wa aina hiyo. Wewe ndiwe niliyekupa ushahidi huo.

Hukupita tena njia ile mpaka ulipofariki. Nilidhani umeipenda barabara ya kawaida. Sasa nadhani hukuniamini, ukaona haya kunisuta. Lakini hukumwambia Adhiambo, na mimi sikumwambia. Yeye anaijua kama njia ya mkato ya mama yake.

Tangu jana sili vizuri. Nimeripoti kuporomoka kwa machimbo mara kadhaa na najua ardhi hufanyaje: haitoi sauti ya kuonya. Huwa inabeba mbuzi, inabeba mtu, mpaka siku inapopitiwa na kitu kizito. Gari lako ni zito, na siku hiyo litakuwa na watu sita.

Nimempigia simu Adhiambo aliyeko Suna, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Baba, ulimwambia Mama una hakika?"

"Nilimwambia."

"Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo."

"Na leo, unajua lilipo?"

"Sijui."

Akavuta pumzi. "Sawa. Basi utalitafuta wewe. Usiponipigia kabla sijatoka Thimlich, wageni wanarudi nami Lambwe, hata wakinuna mpaka Homa Bay."

Ni sauti yako ile ile, Nyar Lambwe. Lakini najua pia simu za Nyatike, huko Macalder, hukatika, na najua alivyo mbishi akichelewa. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko shimo.

Mchimbaji amekubali twende pamoja. Atakuja na kamba na fito ndefu, na nitafungwa kamba kiunoni, kwa kuwa ni mimi nitakayetangulia. Tukilipata tutalizungushia miti minne. Tusipolipata, Jumamosi nitasimama katikati ya njia mpaka anione.

Tunaanza Ijumaa, saa moja asubuhi.

Mumeo,
Baba Adhiambo