Saa ya Mzamiaji Ndani ya Beseni la Dobi

Jumapili jioni, Julai. Ukungu haukuinuka siku nzima hapa Kawangware 46, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nimechukizwa.

Nimechukizwa na saa, na aliyeiuza, na aliyeivaa. Nimechukizwa hata na viatu vyangu, vimerudi na tope lote la Kibera. Maharagwe yako motoni, binti yangu Mwende anayachungulia, nami nimekaa kitandani na daftari hili niandike kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili.

Nianze na saa yenyewe.

Mdogo wangu Mutua anauza saa kwenye kimeza mjini. Majuzi alipata saa za kampuni moja ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia, zinaitwa Tervano. Ni saa za wazamiaji, wale watu wanaoshuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni. Bei yake ni ya mtu wa kawaida, huhitaji kuuza kitanda ili uivae. Nyuma imeandikwa kwamba inastahimili maji mpaka mita mia mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu tupate uhuru nimeona mabati yakiongezeka huku kwetu kila mwaka, lakini maji? Mfereji wetu hata beseni haulijazi bila kukatika, na huyu ananiletea saa ya mita mia mbili.

Mutua hakucheka. "Sista, wewe ndio utanipimia," aliniambia. "Mimi nitajuaje kama maji inaingia? Wewe mikono yako iko kwa maji kutoka asubuhi mpaka jioni. Ukisema iko sawa, nitauza na roho safi."

Hapo alisema kweli. Mimi ni dobi. Kila asubuhi navuka kwenda Lavington kufua nguo za watu wenye bustani, na kama kuna mzamiaji katika mtaa huu, basi ni mimi.

Kwa hiyo nimeivaa. Nimefua nayo mashuka, mapazia, nepi, na soksi za mwanamume mmoja ambaye sitamtaja ila Mungu anamwona. Hukumu yangu ni hii. Mkanda wake wa mpira unanuka gurudumu la lori lililokaa juani, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni yoyote ninayoijua. Ukitoa jasho, unawasha. Ile pete ya nje inayozungushwa ina meno madogo yanayoshika uzi wa mashuka, na povu hukauka humo likawa jeupe, ukiangalia unafikiri saa imeota ukurutu. Kioo kimeshachubuka kwenye ukuta wa karo la kufulia. Neno Tervano limeandikwa kwa kupinda kidogo, na ukishaona hivyo mara moja huwezi kuacha kuona. Inakimbia mbele kidogo pia, inaonekana ina haraka kuliko mimi.

Lakini maji hayajaingia. Hata tone.

Na haijasimama. Hilo lilinishangaza, kwa sababu haitiwi ufunguo kama saa ya marehemu baba. Siku moja nilimwuliza Mutua inaishi kwa kitu gani. Akanionyesha kwenye saa mbovu aliyoifungua: ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila unapotikisa mkono, nacho ndicho kinachokaza springi. Ukikaa bila kuivaa siku mbili hivi, inalala. Sasa mkono wa dobi hulala lini? Nikamwambia aziuze, ila aombe radhi kwa ajili ya mkanda.

Kumbe hata kabla sijamaliza kupima, alikuwa ameshampelekea Mzee Kilonzo moja, Jumapili iliyopita.

Mzee Kilonzo ni seremala kule Soweto West, Kibera, ndiye mzee wa kanisa letu, na ndiye baba ya Nduku. Mutua anamtaka Nduku. Anamtaka mpaka amekonda. Jumamosi ijayo tulikuwa twende Kitui, nyumbani kwa mzee, kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu sisi Wakamba, mpaka mbuzi hao waingie boma la baba ya msichana, wewe bado ni kijana anayepita njia, hata kama umempenda miaka kumi. Ile saa ilikuwa ya kulainisha njia.

Basi leo asubuhi. Nimetembea kutoka hapa mpaka Kibera katika ukungu, nikapita Kisumu Ndogo ambako dagaa wa omena walikuwa wameanikwa ingawa jua halikuwapo, nikafika kanisani nikakuta waumini wote nje. Mlango umefungwa. Ufunguo hukaa kwa Mzee Kilonzo, na Mzee Kilonzo hajaja. Mhubiri mgeni aliyetoka Machakos amesimama kwenye tope na viatu vyake vya kung'aa. Tuliimba hukohuko nje kujipasha moto, nyimbo zikaisha, tukazirudia. Watoto wakaanza kulia kwa baridi.

Nduku alikwenda nyumbani kumwita baba yake. Akarudi peke yake, uso umemshuka. "Amesema bado. Anakunywa chai. Amenionyesha saa."

Unaweza kuamini? Binti amesimama mbele yake anamwambia watu wamejaa nje, naye anainua mkono, anatazama saa, anasema bado. Na kwa ukungu ule hata jua halikuwapo la kumsuta.

Alipokuja hatimaye, amevaa suti yake ya kijivu, saa imekaa juu ya mkono wa shati ili kila mtu aione, mhubiri alikuwa ameshahubiria nje na kumaliza. Mzee alisimama na ufunguo mkononi, na nyuso zote zikamgeukia. Sijawahi kuona mtu mzima akikosa pa kuweka macho namna ile.

Baada ya hapo tulikwenda kwake kwa chakula, kwa sababu ilikuwa imepangwa hivyo na mchele ulikuwa umeshapikwa. Wazee wengine walikuwapo, mimi na Mutua tulikuwapo. Mzee Kilonzo aliivua ile saa akaiweka mezani, mbali na sahani.

"Hii kitu ni mwongo," akasema. "Imenidanganya mbele ya kanisa. Na kijana mwenye ananipatia kitu mwongo, nitampatia msichana wangu namna gani? Hiyo mbuzi yenu isitoke. Wacheni ikae."

Mutua akainamia sahani yake akaanza kuokota punje za mchele. Huyu ambaye mjini anaweza kumuuzia saa mtu aliyekuja kuuliza njia! Nilitamani kumfinya. Nduku alikuwa mlangoni na sufuria mikononi, na machozi yalikuwa yameshamjaa.

Nikauliza ile saa inakaa wapi katikati ya wiki.

Mama Nduku alifungua kabati, lile la vioo lililofunikwa vitambaa vya kufuma. Sahani za harusi, Biblia kubwa, na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe kuna leso, na ndani ya leso ndimo saa ilimolazwa tangu Jumapili jioni iliyopita mpaka leo asubuhi. Ni kitu kizuri, kwa hiyo ni cha Jumapili. Nani asiyejua desturi hiyo? Hata kwangu kuna vikombe ambavyo Mwende hajawahi kunywea. Ile saa ilikuwa imesimama hapo Jumanne, pengine, ikalala. Leo mzee alipoivaa, mkono ukatikisika, nayo ikaamka na kuendelea pale ilipoachia, mshale wa sekunde unazunguka vizuri kabisa. Yeye angejuaje?

Aliyepaswa kumwambia ni Mutua. Na Mutua, nilipomwuliza, alisema alimwambia tu kwamba hii saa hataitia ufunguo maisha yake yote. Ndivyo wanavyouza hawa. Wanakupa nusu tamu, ile nusu nyingine utajijua.

Nikaeleza. Nikaeleza pole pole, kwa heshima, habari ya kile kipande cha chuma. Wazee wakanitazama tu, mwanamke wa kufua nguo anawafundisha saa. Basi nikasema tungoje redio. Nikaweka mkono wangu mezani, na Tervano yangu yenye ukurutu na mikwaruzo, na ile milio ya kabla ya habari za saa saba ilipolia, mishale yangu ilikuwa imeshafika, imetangulia kidogo tu. Ni saa ileile, jina lilelile lililopinda. Mzee mmoja akaguna akasema kweli.

"Hiyo yako mbona haidanganyi?" akauliza Mzee Kilonzo.

"Haijawahi kulala kabatini, mzee. Naivaa nikifua."

"Ndani ya beseni?"

"Ndani ya beseni."

Watu wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Nilimwona anautazama mkanda wangu, lile povu lililokauka, na mdomo wake ukapinda. Alikuwa anachukizwa. "Kwa hivyo mimi nimevaa saa ya dobi," akasema. "Nimesimama mbele ya Mungu na saa ya kufulia nepi." Akaisukuma ile yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa, akaondoka mezani.

Sikula. Nilichukua leso yangu nikatoka. Mikono hii imesomesha Mwende, imemlea Mutua tangu mama atutoke, imefua hata vitambaa vya meza ya Bwana vya kanisa hilohilo, bure, kila Pasaka. Hakuna aliyewahi kusema vimenuka dobi.

Nduku alinifuata uchochoroni. Sikutaka kumsikiliza, nasema kweli. Nilimwambia baba yake ana majivuno ya kuku aliyepanda juu ya paa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba kila jioni baba yake hufungua kabati. "Haifungui ile leso, anaogopa mkono wake uko na vumbi ya mbao. Anaweka tu kiganja juu yake, kidogo, halafu anafunga. Alimwambia mama, tangu azaliwe hakuna mtu amewahi kumpea kitu mpya."

Kumchukia mtu baada ya kuambiwa jambo kama hilo ni kazi ngumu, na mimi nilikuwa bado nataka kumchukia.

Tulikuwa tumesimama hapo, kamasi za baridi zinatutoka, tulipomsikia anakuja. Koti amelivua. Mkono mmoja ameuingiza mfukoni. Alimwangalia Nduku, Nduku akarudi ndani.

"Mama Mwende."

"Mzee."

"Kesho nitakuwa na kazi ya mlango. Kupiga randa siku mzima." Akatazama ukuta wa jirani. "Nikipiga randa nayo, haitavunjika?"

"Haitavunjika. Itafurahi."

"Na vumbi ya mbao?"

"Mzee, imeshinda sabuni. Vumbi ni nini?"

Akatoa mkono mfukoni. Alikuwa ameivaa. Bado ilikuwa inasema saa za asubuhi. Akaanza kuhangaika na kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira, akikivuta, hakivutiki, kwa sababu kimefungwa kwa kuzungushwa ili maji yasipite, na hilo nalo Mutua hakumwambia. Vidole vyake ni vinene, vya seremala. Mwishowe akakiacha, akaninyooshea mkono.

Nikamshika kifundo cha mkono. Nilikuwa na vidole vilivyokunjamana na kupasuka kwa magadi, vidole vya dobi hasa, na nilitaka avione. Nikafungua, nikavuta, nikazungusha mishale. "Yako inasema saa ngapi?" akauliza, akainamia mkono wangu mpaka nikasikia harufu ya chai. Tukaisawazisha yake kwa yangu. Hakuuondoa mkono wake mpaka nilipomaliza.

Hakuniomba radhi. Nitaandika hilo, lisisahauliwe. Hakuniomba radhi hata kidogo, na nilimngoja.

Aligeuka, akapiga hatua, akasimama tena.

"Mwambie huyo kijana mbuzi isiwe nyembamba. Mimi siwezi kupokea mbuzi nyembamba."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilimtafuta Mutua njiani nimpige makofi, sikumpata, na nadhani kuna mtu alishamwambia kabla yangu, kwa sababu nilipofika hapa jirani alisema kapita anaimba.

Bado nimechukizwa. Mkanda bado unanuka, na Mwende anasema maharagwe yanaungua. Kesho ni Jumatatu na mashuka ya Lavington yananingoja. Nikifua, kule Soweto West kuna mwanamume atakuwa anapiga randa, na kama maneno yangu yamemwingia kichwani kidogo, saa zetu zitakuwa zinasema jambo moja.

Lakini kabla sijalala nitavitoa vile vikombe kabatini. Mwende anywee chai.