Nilikalia Ngoma, Byamungu

Byamungu, rafiki yangu,

Niko na miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, nimeona kambi ya wakimbizi ikizaliwa na ikifungwa, nimemaliza meno yangu yote, na sasa nimebaki nyuma yako pia, weye uliyekuwa mdogo wangu. Nimechoka. Lakini barua hii naiandika miye mwenyewe, hata kama mwanangu anasema herufi zangu zinatembea kama kuku.

Nakuletea habari ya maziko yako, kwa sababu weye ulilala tu, hukuona kitu.

Unakumbuka nyumba yetu ya Louisville, tulipofika Amerika? Tunarudi kutoka kiwandani kukata nyama kwenye baridi ile, vidole vimekufa. Unavipasha moto kwenye kikombe cha chai, halafu unatoa violoni, fidla ile uliyofundishwa na mapadri wa Bukavu. Unapiga zile sonata za baroki, za wazungu wa zamani. Miye nikigonga meza kukusaidia, unafoka: "Mzee, acha meza! Hii ni ya violoni peke yake."

Nikakuuliza: peke yake kama yatima? Ukasema, "Si yatima. Inajiuliza na inajijibu." Ukanieleza kwamba wazungu wale waliandika na sonata nyingine, zenye sauti nene chini yake ya kubeba violoni. Lakini yako, hapana. Yako ilitaka kuachwa.

Nilikukatalia. Kwetu mtu akianza wimbo na watu wakanyamaza, ametukanwa.

Bon. Weye ukahamia Columbus, miye nikamfuata mwanangu huku Cheektowaga, pembeni ya Buffalo. Ukanipigia simu ukiwa umelazwa tayari: "Siku yangu ya kuzikwa Neema apige violoni. Mtu asimwitikie binti yangu. Nakuachia weye, Mzee, una kichwa kigumu." Hapo ulichagua vizuri. Kutoka Uvira mpaka Fizi hakuna kichwa kigumu kama changu.

Donc, siku ya maziko nilifika kanisani mbele ya wote, nikakalia ngoma kubwa. Mpiga ngoma akaniomba nishuke. Pasta akaniomba: "Baba, kiti kiko pale." Nikasema magoti yangu yanapenda ngoma. Neema akasimama karibu na sanduku lako, akaanza. Haikupita muda, Mama Furaha wa kwaya akapiga makofi, anamhurumia mtoto aliyeachwa na kanisa zima. Nikamkazia macho. "Mzee huyu ana roho ya jiwe," akasema, kila mtu akasikia. Lakini akaacha.

Byamungu, ilikuwa inajijibu kweli. Miaka yote ile sikuwahi kusikia, maana nilikuwa nagonga meza.

Halafu Neema akatazama sanduku. Upinde wa violoni ukasimama. Akajaribu tena, ukasimama palepale. Kanisa zima linanitazama miye kwa sababu ya makatazo yangu. Mtoto wako anazama mbele ya macho yetu, na neno lako liko chini ya makalio yangu.

Nikafungua kinywa. Sauti moja tu, ile nene ya chini, bila maneno. Besi yangu unaijua. Nilipokuwa kijana ilitingisha madirisha ya misheni. Sasa imepasuka. Nikaishikilia hapohapo mpaka upinde ukaanza kutembea. Aliponipita, nikanyamaza. Akamaliza peke yake, vile ulivyotaka.

Sikuombi samahani. Weye mwenyewe ulisema kuna zile zenye sauti ya kubeba.

Violoni iko kwa Neema, kwenye chumba alichopanga karibu na chuo kikuu. Jumapili ananipigia simu, anaiweka simu juu ya kabati, anapiga violoni. Yeye anaongea Kiingereza, miye najibu Kiswahili, tunaelewana. Nakuahidi, meza sitaigonga tena. Nitakuwa nakaa mikono mapajani mpaka amalize.

Lala, mdogo wangu. Na kama huko watakwambia Mzee aliachia watu ngoma, msubiri Mama Furaha naye afike, umuulize. Yule hanipendi hata kidogo. Hawezi kunisifu bure.